Mfanyakazi Aliyeitwa Niko Tu

Ndambiri alikuwa ameshafika kwa geti, viatu vimepigwa rangi na shati la kanisani limechomekwa vizuri, mkewe alipomwuliza kutoka jikoni kama amebeba maji ya kunywa. Hakuwa amebeba. Alirudi, akachukua chupa, akasema tena kwamba anaenda Embu kutafuta programu ya hesabu, kana kwamba kuna mtu aliyedhani anaenda kununua mbuzi, kisha akatoka kwa mara ya pili. Ruguru, mkewe, hakuinua macho. Mawele kwenye sufuria pana yalikuwa yameanza kutoa ule mlio wa mvua ndogo juu ya mabati, na mawele yakifika hapo hayangojei mtu.

Biashara yenyewe ilikuwa ya unga wa uji. Ruguru aliianzisha jikoni mwake, nje kidogo ya soko la Kiritiri, ambako mahindi hukubali mwaka mmoja na kukataa miwili, lakini mtama, wimbi na mawele husimama hata mbingu ikinuna. Alichukua nafaka kwa majirani, akachambua mawe, akakaanga, akapeleka kusagwa sokoni, akachanganya kwa mkono wake. Watoto waliokataa kila chakula waliukubali uji huo. Wazee wasio na meno waliuomba. Akina mama wa Gachoka wakaanza kutuma watu wauchukue, na baadaye mwenye duka wa Karurumo akawa anaagiza kwa magunia. Kwenye mifuko kuliandikwa kwa wino mzito: Uji wa Mama Kaari. Kaari ndiye binti yao wa kwanza, mwalimu huko Meru.

Kisha Ndambiri alistaafu. Maisha yake yote alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, akihesabu mashuka na vijiko. Alikuwa mtu mzuri, hilo lazima lisemwe. Hakunywa, hakupiga, hakuwa na nyumba ya pili. Wanawake wa chama walimwambia Ruguru kwamba aliokota dhahabu njiani. Ndambiri alipokaa jikoni wiki moja akitazama unga ukiingia na kutoka bila mtu kuandika, alipata maumivu ya kweli kifuani. Akatoa pesa za kustaafu, akanunua pikipiki na mashine ya kufunga mifuko. Kuanzia hapo, wageni wakija, ni yeye aliyetoa kiti na kukikalia kingine.

Ruguru alikuwa na jambo moja alilolitaka, na hakuwahi kumwambia mtu ila Kaari, kwa simu. Mamake Ruguru alikuwa amesuka vikapu miaka na miaka, navyo viliuzwa kama vikapu vya babake. Mzee alipofariki, kaka zake walizoa vikapu vyote, wakauza hata nyuzi zilizokuwa bado hazijasukwa. Mama alikaa pale akitazama, na hakukuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba alihusika. Kwa hivyo Ruguru alitaka jina lake liandikwe mahali pamoja, kwamba hii kazi ni yake. Hakuwa akiota utajiri. Ndambiri alipoanza habari za programu, yeye alifurahi kuliko mumewe, maana alisikia kwamba ndani ya programu kila kitu huwekwa pale kinapostahili.

Ndambiri alirudi jioni na kompyuta ya mitumba ndani ya mfuko wa sukari, na ahadi kwamba fundi atakuja. Fundi aliitwa Mutwiri, mtu wa Meru, upande wa Igoji, mwenye kiofisi mjini Embu na tai aliyokuwa akiifunga hata kwenye joto la Mbeere. Aliwaambia wasikimbilie kulipa. Programu ni kama mchumba, akasema, lazima akae kidogo umwone akikasirika. Zote zilikuwa na muda wa kujaribu bure, basi wakazijaribu.

Ya kwanza ilikuwa ya kijani. Ilitaka mtandao saa zote, na mtandao wa pale nyumbani ulipatikana tu ndani ya zizi la mbuzi, kwenye kona ya mashariki. Ndambiri alifanya hesabu akiwa amesimama katikati ya mbuzi, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpaka beberu mmoja akala waya wa kuchaji. Ya pili ilikuwa ya bluu, ya upole, nzuri kwa macho. Ruguru aliipenda. Lakini haikujua gorogoro. Kule sokoni nafaka hupimwa kwa mkebe wa gorogoro, na ukimwambia mama wa Kiritiri habari ya gramu atadhani unamwibia. Kila Ruguru aliposema gorogoro, ile ya bluu iliandika sifuri kwa adabu. Tena iliwatakia heri ya mwaka mpya mwezi wa nne.

Ya tatu ilikuwa ya rangi ya chungwa. Hii ilikubali gorogoro, debe, gunia, hata kiganja. Ilifanya kazi bila mtandao. Ila ilikataa kufunguka kabla ya kuambiwa kila mtu wa pale ni nani. Ndambiri alivutiwa na ukali wake. Alisema inamkumbusha hedimasta mmoja wa zamani, Mungu amlaze pema.

Mutwiri aliweka kompyuta mezani, akavuta kiti, akasoma swali la kwanza: mwenye biashara. Alimtazama Ndambiri, kwa sababu Ndambiri ndiye aliyekuwa ameketi mbele yake. Ndambiri akataja jina lake lote, pamoja na la ubatizo, kama alivyokuwa akitaja anapopokea magodoro ya shule. Hakuwa akiiba. Hata hakufikiria. Jikoni, Ruguru alikuwa anapika chai ya mgeni na kuchemsha nduma. Alisikia. Mkono uliokuwa na maziwa ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kumimina.

Programu ikauliza wafanyakazi. Ikasema haiwezi kuendelea bila mmoja. Ndambiri akageuza shingo, akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Mama Kaari! Wewe tukuandike nani?"

Katika nchi ile swali hilo lina jibu ambalo tayari limekaa mdomoni. Mwanamke huamka kabla ya ndege, huteka maji, hukama, hulima, huuza, huozesha na kuzika, na ukimwuliza anafanya nini siku hizi atakwambia yuko tu. Ni adabu. Kusema mimi ndiye mwenyewe, mgeni yupo na mume yupo kitini, ni kama kumvua mume shati mbele ya watu. Ruguru alikuwa na jibu lingine. Alikuwa amelibeba tangu siku ile mumewe alipotoka kwenda Embu. Lakini maziwa yalikuwa yanapanda, na mgeni alikuwa akisikiliza.

"Aa," akasema. "Mimi niko tu."

Mutwiri alikuwa mtu anayeandika anachosikia. Kimeru na Kimbeere husikilizana kama majirani waliotenganishwa na ua: salamu zinapita, majina hukwama. Alikuwa akingoja jina, akaletewa kitu mahali pa jina, akaona labda Wambeere ndivyo wanavyoita watu wao. Akaandika Niko kwenye jina la kwanza, Tu kwenye jina la ukoo. Ndambiri akamsomea namba ya kitambulisho cha mkewe. Programu ikashukuru kwa Kiingereza, ikafunguka, nao wakanywa chai.

Jumatatu Niko Tu alikuja kazini.

Alikuwa mwanamke wa rika la Ruguru, sweta imefungwa vifungo vyote, viatu vya plastiki vilivyooshwa. Alifungua geti mwenyewe. Mbwa alimtazama akarudi kulala. Akasalimu, akaketi kwenye kigoda kando ya moto, akaweka mikono juu ya magoti. Ruguru alimwuliza kama amekunywa chai, kama mtu yeyote anavyoulizwa. Akasema bado. Ruguru akamtilia.

Hakugusa ungo, hakugusa mwiko, hakusogeza hata gunia. Alikuwapo. Jioni ilipofika aliaga akaenda, na kesho yake akarudi. Kila alichokaanga Ruguru, programu ilikiandika kwa jina la Niko Tu, na mwisho wa mwezi ikamtolea mshahara, ikakata ya akiba ya uzeeni na ya bima ya hospitali, ikatuma iliyobaki. Simu ililia ndani ya mfuko wa sweta. Niko Tu aliitoa, akasoma, akairudisha, akasema Mungu ni mwema.

Majirani walimzoea upesi. Kiritiri ni mahali ambapo malori ya mchanga hupita kila siku yakienda kujenga nyumba ambazo wenye mchanga hawataziona, kwa hivyo mtu kuingia badala ya kitu kutoka halikuwa jambo la kuulizia. Kanisani alisimamishwa kama mgeni, akapigiwa makofi, Jumapili iliyofuata akapewa nafasi kwenye kamati ya maua. Chama kilimpokea. Ndambiri alimsifu kwa kila aliyepita: mfanyakazi hajawahi kuchelewa, hachoki, halalamiki. Alichapisha karatasi ya pongezi, akaibandika ukutani jikoni, juu ya kichwa cha Ruguru pale alipokuwa akikaangia.

Usiku mmoja wa mvua, wakila, Ruguru alisema.

"Baba Kaari, nataka mniandike na mimi."

Ndambiri aliacha kutafuna. Alionekana kutafuta kwa dhati kosa liko wapi.

"Si uko?" akasema.

"Niko wapi?"

Aliwasha kompyuta, akageuza kioo upande wake, akaonyesha kwa kidole. Hapa, akasema. Mama Kaari. Na kweli alikuwapo, chini ya mali za biashara, kati ya mashine ya kufunga mifuko na pikipiki, maana Mutwiri alieleza kwamba jina lililo kwenye mfuko ni mali na lina thamani. Ndambiri alisema kwa sauti ya upole kwamba pikipiki inapungua thamani kila mwaka, lakini Mama Kaari inapanda. Alidhani hilo litamfurahisha.

Ruguru akaomba warudi kwa ile ya bluu. Ndambiri akasema pesa za mwaka mzima zimeshalipwa, watu wa ushuru wameshaipokea ile ya chungwa, na mwenye duka wa Karurumo anataka risiti zake tu. Akampigia Mutwiri simu, akaweka spika ili wote wasikie, maana hakutaka ionekane anamfinya mtu. Mutwiri akasema kuhama kunawezekana, lakini ukihama unahama na watu wako wote. Niko Tu angefika huko kabla yao.

"Basi mfute huyo, uniweke mimi," Ruguru akasema kwenye simu.

"Kufuta haikubali, mama. Ashalipwa. Ana historia."

"Niongezeni kando yake."

Vidole vikagonga huko Embu. Kisha Mutwiri akasema namba hiyo ya kitambulisho tayari ina mtu. Anachoweza kufanya ni kumlaza, yaani kumzima kwa muda. Akilazwa, haji.

Wakamlaza.

Asubuhi kigoda kilikuwa kitupu, na Ruguru aliwasha moto akiimba. Akamimina mawele kwenye sufuria. Alikoroga mpaka jasho likamtoka kwenye kope. Mawele hayakulia. Aliongeza kuni, moto ukalamba kuta za sufuria, nayo yalibaki mabichi na baridi kama yametoka shambani. Akajaribu mtama. Akajaribu wimbi. Ndambiri alikuja akagusa kwa kidole, akarudi kwa kompyuta, akaeleza kwamba programu haina mtu wa kukaanga, kwa hivyo hakuna kilichokaangwa. Ilikuwa wazi, akasema, hata hedimasta angesema hivyo. Waliposaga nafaka hiyo mbichi na kuifunga, mifuko ilifika Gachoka ikiwa mitupu, imefungwa vizuri.

Gachoka kulikuwa na chekechea iliyokuwa ikiwapikia watoto uji wa Mama Kaari. Mwalimu wao, Lydiah, alipiga simu akisema hana neno baya, ila watoto wameketi na vikombe. Ndambiri alimtazama mkewe, akangoja. Hakumlazimisha. Angeweza kusema siku nzima kwamba hakumlazimisha, na ingekuwa kweli.

"Mwamshe," Ruguru akasema.

Niko Tu alirudi kesho yake na sweta ileile. Moto ukawaka, mawele yakalia. Ndambiri alipotoka na pikipiki kupeleka mzigo, wanawake wawili wakabaki peke yao jikoni, mmoja amesimama, mwingine ameketi, na Ruguru akamwuliza hasa anataka nini pale.

"Mimi sikujileta," Niko Tu akasema. "Uliulizwa."

"Nilikuwa na maziwa motoni."

"Najua. Yalimwagika kidogo, upande huu."

Ruguru akakoroga. Moshi ulikuwa unaingia machoni mwake, haukuwa unaingia kwa yule mwingine.

"Na kama ungejibu vile ulivyotaka," Niko Tu akauliza, "ungesema nani?"

"Ningesema Ruguru."

"Ruguru nani?"

"Ruguru mwenyewe."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti ndani ya nyumba hiyo. Halikuwa neno kubwa lilipotoka. Niko Tu alilisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza gari likipita barabarani, akaitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Ni jina zuri," akasema. "Lakini mahali pa mwenyewe pana Baba Kaari. Na mahali pa kazi ndipo nilipokaa mimi."

"Unaweza kusimama."

"Nikisimama, watoto wa Gachoka watakula nini?"

Ruguru aliipua sufuria, akamwaga mawele kwenye ungo, akaanza kupepeta. Makapi yaliruka kuelekea kigodani, yakaanguka kila mahali isipokuwa kwenye sweta ya Niko Tu. Baadaye alimtilia chai, kwa sababu ilikuwa saa ya chai.

Kaari alikuja likizo ya Agosti. Alikuwa msichana wa maneno makali, akamwambia babake kwamba huu ni upuzi, akafungua kompyuta mwenyewe. Alikesha nayo. Alibadilisha herufi, akaandika jina la mamake mahali pa mwenye biashara, na programu ikamwomba saini ya mwenye biashara, kwa alama ya kidole kwenye simu, ili ikubali. Kaari akampelekea babake simu atie kidole. Ndambiri alikishika kile kidole chake kwa mkono mwingine muda mrefu, akikitazama. Akasema si kwamba anakataa. Akasema ataulizwa sababu, na watu watadhani ana ugonjwa au ana deni anakimbia. Akasema wafikirie kwanza, mpaka Desemba. Kaari alimgeukia mamake aseme neno. Mwongera, mwenye duka wa Karurumo, alikuwa ameketi pale mezani akingoja mzigo wake na kula nduma. Ruguru alitazama mgeni, akatazama nduma, akasema kweli, Desemba si mbali.

Desemba ilikuja na wageni wake, ikapita.

Ile programu ya chungwa ndiyo waliyobaki nayo. Hulipiwa kila mwaka, na haina shida. Ndambiri alichaguliwa mweka hazina wa wafanyabiashara wadogo wa Mbeere Kusini, na huenda kwenye semina akiwaeleza wengine umuhimu wa kuweka kila mtu mahali pake. Mutwiri alifunga ofisi ya Embu, akafungua nyingine kubwa Nkubu. Siku hizi huuliza jina mara mbili. Mwongera alioa tena. Lydiah alihamishwa, lakini chekechea bado inanunua. Kaari huja nyumbani mara chache; akija hulala jikoni na mamake. Niko Tu alinunua ploti Gachoka, akajenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, akaipangisha, na sasa ndiye mwenyekiti wa chama.

Ruguru bado anakaanga. Mwaka jana mgongo ulimshika asiweze kuinuka, wakampeleka hospitali. Kadi ya bima ilikuwa na jina la mfanyakazi, kwa hivyo Niko Tu ndiye aliyelazwa kitandani, akawekewa dripu, akageuzwa kila asubuhi na wauguzi, na Ruguru alikaa kwenye benchi la nje, amejiegemeza ukutani. Siku ya kuruhusiwa, daktari alisema mgonjwa amepona kabisa. Ruguru alimbebea mkoba mpaka stendi.